Mluzi wa Lori Namba Saba

Jumatatu, 5 Julai 1982

Mavuno ya ngano yameanza leo. Kombaini nne ziliingia shambani upande wa Hirbadaw saa tatu asubuhi, umande ulipokauka. Kufikia saa sita vumbi lilikuwa limeufunika hata mlima Hanang. Mimi nilikaa ghalani nikiwajibu madereva neno moja: hakuna. Hakuna mkanda wa feni, hakuna ringi za pistoni, hakuna chujio la hewa hata moja. Nilipostaafu ualimu kule Tumati nikaajiriwa hapa shambani, niliambiwa nitatunza vipuri. Huu ni msimu wa tatu ninatunza rafu.

Jumanne, 6 Julai

Upepo mkali. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 7 Julai

Lori namba saba limeshindwa tena kuupanda mwinuko wa Balangdalalu. Lilitoa moshi mweusi, likasimama, na ngano ikapunguzwa nusu kandokando ya barabara. Dereva wake ni Gidahosh, kijana wa Kibarbaig. Nilimfundisha kusoma na kuandika miaka miwili iliyopita katika darasa la watu wazima. Ni mtu wa maneno machache na sarufi chache zaidi.

Meneja alikuja ghalani amekasirika. "Mwalimu, wewe ndiye unayevisoma vitabu vya injini. Vinasemaje?"

Nilikisoma kitabu mchana kutwa, kwa kuwa kimeandikwa Kiingereza na hapa hakuna mwingine anayekimudu. Kwa kila debe la dizeli, injini humeza hewa ya kujaza nyumba nzima. Nikatoka na rula. Bomba linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini si la kiwandani. Lilivunjika mwaka juzi, na fundi aliyekuwapo akaweka jembamba. Mdomo wa injini ni mpana, bomba ni jembamba. Lori hili halina ugonjwa, linakabwa koo.

Alhamisi, 8 Julai

Tumelikata bomba jembamba na kuweka pana, tulilolitoa kwenye tangi bovu la maji. Patriki, fundi mkuu, alilipima mara mbili akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akasita.

"Mwalimu, bomba ni sawa. Shida ni hapa kwenye maungio. Klempu ya upana huu, ile pete ya kukazia, hatuna."

"Tumia mpira wa tyubu ya baiskeli. Zungusha mara tatu, kaza kwa waya."

"Mpira wa baiskeli na moto wa injini, Mwalimu? Utakauka kama ngozi ya mbuzi. Tungoje wiki ijayo, gari la Arusha linakuja na vitu."

"Ngano haingoji gari la Arusha. Funga."

Akafunga.

Jumamosi, 10 Julai

Lori namba saba limeupanda mwinuko na shehena nzima bila kusimama. Gidahosh alirudi akicheka, meno yote nje. Meneja alinipa mkono mbele ya wafanyakazi. Madereva wameliita bomba lile Pua ya Mwalimu, na sikuwakataza.

Katika daftari la karakana nimeandika kwa mwandiko wangu bora: "Marekebisho ya njia ya hewa, lori namba 7. Yamebuniwa na Mwl. Nikolausi Margwe. Maungio yamefungwa kwa mpira wa baiskeli kwa agizo lake." Nilitaka atakayekuja baadaye ajue kazi ilivyofanyika.

Alhamisi, 15 Julai

Gidahosh alikuja ghalani jioni, kofia mkononi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, gari yangu inapiga mluzi."

"Gari langu linapiga mluzi," nilimsahihisha.

"Ndiyo. Linapiga." Akangoja. "Mdogo sana. Ukipanda mlima unausikia."

Nilimwambia kwamba hewa nyingi ikipita kwenye bomba pana haikosi sauti. Alinishukuru akaondoka. Gari la Arusha lilikuja jana, nami nilisahau kuagiza klempu.

Jumatatu, 19 Julai

Magari yote yanafanya kazi. Vumbi.

Alhamisi, 22 Julai

Gidahosh tena, safari hii mbele ya wenzake waliokuwa wakinywa chai karakanani. Alikuwa ameegemeza sikio kwenye boneti, akafumba macho, kisha akaniita.

"Mwalimu, njoo usikie. Ng'ombe mwenye homa ya mapafu anapumua hivi." Akavuta hewa kwa pua, nayo ikalia nyembamba kifuani mwake. "Baba yangu akisikia hivi, anamtenga ng'ombe siku hiyohiyo."

Madereva wakaangua kicheko.

"Lipeleke malishoni, Gidahosh!"

"Likamue kwanza tuone!"

Nami nilicheka. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Nikamwambia kuwa injini haina mapafu na kwamba kitabu hakitaji mluzi popote. Patriki peke yake hakucheka. Alitazama bomba, kisha akanitazama mimi, akasubiri niseme neno. Nikarudi ghalani.

Jumatano, 28 Julai

Gidahosh ameomba ruhusa ya kuyafungua maungio mwenyewe. Nimemkatalia. Kanuni ya nne ya karakana inasema dereva hafungui injini.

Jumapili, 1 Agosti

Misa ilikuwa ndefu. Upepo uliingiza vumbi kanisani hadi kwenye kitambaa cha altare.

Jumanne, 3 Agosti

Lori namba saba limekufa.

Lilikuwa katikati ya mwinuko, saa tano asubuhi, na shehena nzima. Kwa siku tatu lilikuwa likitoa moshi wa buluu na kunywa oili kama maji. Gidahosh aliripoti mara zote tatu, nami niliandika "limeonwa" bila kwenda kuliona. Leo liligonga mara mbili tatu kama mtu apigaye debe, likanyamaza. Gidahosh aliweka mawe chini ya magurudumu akashuka kwa miguu hadi hapa, saa mbili za mwendo, kuja kutuambia.

"Shikamoo Mwalimu," alisema kwanza, kabla ya lolote. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa vumbi.

"Marahaba."

"Limekata pumzi."

Trekta limelivuta hadi karakanani. Kesho tutalifungua.

Jumatano, 4 Agosti

Ninaandika haya polepole, ili nisijifiche ndani ya maneno.

Patriki alilegeza waya saa mbili asubuhi. Tulikuwa wawili tu. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka, na ufa wake uliweza kuingiza kidole changu cha shahada. Niliingiza. Ndani ya bomba, baada ya chujio, mahali ambapo hapapaswi kuwa hata na chembe, kulikuwa na vumbi laini kama unga wa uji. Injini ilikuwa imelimeza kwa wiki karibu nne, ikajisaga yenyewe kutoka ndani. Silinda zimeliwa. Ringi za pistoni zimekuwa nyembamba kama nyembe. Chujio lenyewe, lile kuukuu ambalo Gidahosh alilikung'uta kila asubuhi, lilikuwa safi.

Niliuchukua ule mpira nikautia mfukoni. Patriki aliona.

"Mwalimu," alisema.

"Nitaushughulikia," nikamjibu.

Saa sita Meneja aliniita ofisini. Wakubwa wanakuja Ijumaa kuona mavuno, naye anataka taarifa iliyoandikwa. "Injini inakufaje katikati ya msimu? Dereva alikuwa anafanya nini? Andika wewe, Mwalimu. Kiswahili chako hakina wa kukipinga."

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa matatu tu: kosa ni langu. Niliwaza mkono alionipa mbele ya watu. Niliwaza umri wangu, na jina langu kule Tumati, ambako watu wa makamo bado hunipisha njiani. Nikasema, "Nitaandika."

Nikaandika. "Dereva alizembea kukagua mfumo wa hewa wa gari alilokabidhiwa, hata vumbi likapenya na kuiharibu injini." Sentensi ni kamili. Haina kosa hata moja, na ni ya uongo.

Kisha nilifungua daftari la karakana, ukurasa wa tarehe 10 Julai, nikauchana. Kwa miaka thelathini nilimchapa kila mtoto aliyechana ukurasa wa daftari.

Alhamisi, 5 Agosti

Gidahosh aliitwa ofisini atie sahihi taarifa, kisha aachishwe kazi. Meneja alidhani atabonyeza dole gumba. Gidahosh akasema, "Ninasoma." Akaisoma taarifa yote kwa sauti, akifuata kila neno kwa kidole, jinsi nilivyomfundisha. Ilichukua muda mrefu. Nilisimama dirishani.

Alipofika mwisho aliniangalia. Sikuona hasira usoni mwake, na afadhali ingekuwapo.

"Umeandika vizuri sana, Mwalimu."

Akatia sahihi kuwa ameisoma, akaweka ufunguo wa lori mezani, akachukua fimbo yake aliyokuwa ameiegemeza nje ya mlango. Alipopita karibu nami alisema, "Shikamoo." Kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilijibu. Kinywa kilijibu kwa mazoea.

Ijumaa, 6 Agosti

Wageni walikuja wakaondoka. Waliisifu taarifa.

Jumapili, 8 Agosti

Misani sikwenda mbele kukomunika. Nilibaki kwenye benchi huku wenzangu wakinipita magotini.

Jumatano, 11 Agosti

Patriki huniamkia kila asubuhi, kisha hasemi nami tena hadi jioni. Hana ujeuri. Mimi ni mzee na yeye ni mdogo. Hawezi kunishtaki, hivyo ananingoja. Leo nilimwuliza kama ana haja ya chochote ghalani.

"Nina haja, Mwalimu, lakini si cha kwenye rafu."

Jumapili, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Kanisa lilijaa. Nilikaa benchi la nyuma, mimi ambaye hukaa la kwanza.

Jumatano, 18 Agosti

Shikamoo kumi na tisa leo. Nimezihesabu.

Jumamosi, 21 Agosti

Mke wangu Fransiska ameshuka kutoka Tumati pamoja na wanawake wenzake kuokota masazo ya ngano yanayoachwa na kombaini. Hufanya hivyo kila mwaka. Ameleta viazi na habari za nyumbani. Ameniuliza kwa nini nimekonda. Nimemwambia ni vumbi.

Jumanne, 24 Agosti

Leo Fransiska alipepeta ngano yake mbele ya nyumba, nami nikamtazama kutoka kibarazani. Upepo ukigeuka, naye anageuka. Amejifunga khanga usoni, pua na mdomo, akaizungusha na kuikaza kisogoni.

Mwenzake Tekla alikuwa amejifunga kwa haraka, nayo khanga yake ikaachia upande mmoja. Akaanza kukohoa hadi machozi.

"We Tekla," Fransiska alimwambia, "bora ungeacha wazi kabisa, ungejua kwamba uko wazi. Ukifunga nusu, unavuta pumzi kwa imani, na makapi yote yanapita palepale."

"Nifunge basi wewe, bingwa wa kufunga."

"Inama. Una kichwa kikubwa kama cha ndama."

Walicheka. Mimi niliingia ndani.

Jioni alitaka kamba ya kufungia mdomo wa gunia. Kabla sijamzuia alikuwa amefungua sanduku langu, akatoka na ule mpira.

"Huu wa nini? Umekauka. Umepasuka. Haufungi hata gunia."

Niliketi kitandani nikamweleza yote: bomba, waya, mluzi, kicheko, taarifa, ukurasa. Ukurasa nilikuwa nao, umekunjwa ndani ya kitabu cha sala. Alisikiliza akiwa amesimama, mpira mkononi.

Mwishowe alisema, akiniita kwa jina la mwanetu, "Baba Yoakimu, mimi umeniambia kwa nini? Mimi sina lori."

Akaweka mpira mezani mbele yangu, akatoka kutafuta kamba.

Alhamisi, 26 Agosti

Saa moja na nusu, wafanyakazi wakiwa mstarini kabla ya kugawiwa kazi, niliomba ruhusa ya kusema. Meneja alidhani nina tangazo la darasa la jioni.

Nilikunjua ukurasa nikausoma, pamoja na mstari wa mwisho: "kwa agizo lake." Kisha niliunyanyua mpira juu. Nikasema, "Gidahosh aliniambia mara tatu kwamba gari linapiga mluzi. Mara ya kwanza nilimsahihisha. Mara ya pili nilimcheka. Mara ya tatu nilimsomea kanuni. Taarifa niliyoiandika ni ya uongo. Dereva hana kosa. Fundi Patriki alinionya kabla hajafunga."

Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi. Upepo ulikuwa ukiniondolea ukurasa mkononi. Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja, yule aliyesema ng'ombe akamuliwe, alitazama viatu vyake.

Ofisini Meneja alifunga mlango. Hakupiga kelele. "Wewe ndiye mtu pekee hapa ambaye maandishi yake sikuwa nayakagua," alisema. Mkataba wangu utakwisha mavuno yatakapokwisha. Ni haki. Kuhusu Gidahosh alisema, "Nitamrudisha, lori namba nne halina dereva. Ila barua sitatuma. Aliyemfukuza ni wewe. Kamlete wewe."

Ijumaa, 27 Agosti

Nilitembea tangu asubuhi, nikauliza njia kwa wachungaji, nikafika bomani kwao karibu na saa saba. Mzee Gidabuday, baba yake Gidahosh, alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya uzio wa miiba akimkagua ndama kwato. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi.

"Shikamoo mzee," nilisema. Sikumbuki mara ya mwisho kulitamka neno hilo. Walionizidi umri Tumati wamekwisha kufa.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndimi."

Hakunikaribisha kukaa, nami sikutazamia. Aliendelea na kwato za ndama.

"Pale penye ngano yenu," alisema, "tulichunga mimi na baba yangu. Siku moja watu walikuja na karatasi. Hatukuweza kuisoma. Gidahosh aliposema anataka kusoma kwako, nilikubali. Nilisema, basi huyu hatanyang'anywa kitu kwa karatasi." Akaachia ule mguu, ndama akaenda zake. "Akaisoma mwenyewe, neno kwa neno, jinsi anavyonyang'anywa. Afadhali sisi hatukuwa tunajua."

Nilitoa ukurasa nikamwambia nimeusoma jana mbele ya watu wote, na mwanawe anarudi kazini akitaka, kwenye lori namba nne. Nikasema, "Mwanao alisikia. Mimi sikutaka kusikia."

"Alisikia," mzee alisema. "Masikio yake ni ya hapa."

Gidahosh alitoka zizini, amejifunga shuka, mikono ina samadi. Nilimrudia maneno yaleyale. Ng'ombe mmoja alikohoa huko ndani, naye Gidahosh akageuza kichwa kusikiliza hadi alipotosheka kwamba ni vumbi tu.

"Hilo namba nne, maungio yamefungwa na nini?" aliuliza.

"Sijui," nilijibu. "Njoo unisikilizie."

Mama yake alileta maziwa kibuyuni. Alimpa Gidahosh, akampa mzee. Nilikwisha kugeuka kuondoka aliponipa na mimi, bila neno. Sikuyamaliza; nilimrudishia kibuyu kikiwa na nusu.

Jumatatu, 30 Agosti

Gidahosh amerudi. Klempu zimekuja kutoka Arusha, kumi. Patriki ameweka bomba pana kwenye lori namba nne, kwa klempu mbili kila upande. Wanaliita Pua ya Mwalimu bado. Nimewaomba waache jina hilo. Patriki amesema, "Bomba lilikuwa sahihi, Mwalimu. Nilikwambia hivyo siku ile." Akacheka kidogo. Ni mara ya kwanza tangu tarehe 4.

Jumatano, 8 Septemba

Kombaini zimetoka shambani. Mawingu mepesi juu ya Hanang, bila mvua. Nimekabidhi funguo za ghala. Daftari la karakana nimelirudishia ukurasa wake, nimeubandika kwa gundi. Mkunjo unaonekana, na utaendelea kuonekana.

Jumamosi, 11 Septemba

Gidahosh alikuwa anapeleka mbegu Mbulu, akaambiwa anichukue mimi, sanduku langu, na Fransiska na gunia lake. Tuliketi watatu mbele. Fransiska alisinzia kabla hatujafika Balangdalalu.

Tukaanza kuupanda mwinuko. Lori lilipanda kwa nguvu, sauti nzito na sawa. Palepale lilipofia namba saba, mawe aliyoyaweka Gidahosh bado yapo kandoni.

Kisha nikausikia. Mluzi mwembamba, mdogo sana, kutoka mahali fulani mbele yangu. Niliweka sikio kwenye dashibodi, nikasikiliza kwa mwili wote, kama nilivyopaswa kusikiliza tarehe 15 Julai.

"Simamisha," nilisema. "Gidahosh, simamisha gari. Linapiga mluzi."

Mluzi ukakoma. Niligeuka. Alikuwa akitazama barabara kwa makini, lakini mashavu yalimvimba kwa kicheko, na meno yote yakafuata.

"Huo ni wangu, Mwalimu," alisema. "Nilitaka kujua kama sasa unasikia."

Fransiska, ambaye kumbe hakusinzia, alicheka hadi akashika gunia lisianguke. Mimi sikucheka mara moja. Nilitazama nje dirishani, makapi ya ngano yakipeperuka juu ya mashamba yaliyokatwa, na uso ukaniwaka kama mtoto aliyekamatwa.

"Usiandike hilo," Gidahosh akasema.

Nimeliandika.